Katikati ya Sehemu ya Kwanza na ya Pili

Alunguli, Kindu
11 Februari 2001

Mdogo wangu Kassim,

Pokea salaam za mama, zangu, na za kuku wako mweusi ambaye bado hatujamla, ingawa nimeshamtazama vibaya. Mjomba Tambwe amerudi salama na baiskeli yake. Ametuambia amekuacha kule kijijini Kama kwa jamaa wanaochimba dhahabu na kwamba unakula vizuri. Mama hakuridhika, akataka aambiwe unakula nini, na nani anapika. Wewe ni kitindamimba wake, una miaka kumi na mitano. Kama si njaa ya mji huu uliofungwa na vita kila upande, asingekuruhusu uende hata sokoni peke yako.

Sasa habari yenyewe. Sehemu ya pili imefika! Ile filme yetu ya mtoto wa mfua kengele. Mfanyabiashara mmoja ameileta kwa ndege kutoka Goma, ameificha katikati ya sabuni, na Mama Safia hakumpa hata nafasi ya kuketi, ameinunua palepale. Ukumbi wake wa video ndio wa kwanza Kindu nzima kuwa nayo.

Ila imetuletea balaa. Unakumbuka sehemu ya kwanza inapoishia: baba ameuawa, akta wetu, shujaa mwenyewe, ni mtoto wa umri wako, anamwacha mama yake kwenye moshi na kukimbilia mlimani analia. Basi sehemu ya pili inaanza na mwanaume mzima, ana kovu shavuni, anashuka mlima na kuwapiga watu kumi bila kutoa jasho. Katikati hamna kitu. Hamna mwalimu, hamna mazoezi. Ukumbi mzima ukawaka: "Alijifunzia wapi? Mama Safia, uturudishie feza yetu!"

Unaijua kazi yangu. Kichina sijui, na yale maandishi ya chini hayaonekani kwa kuwa TV imeungua upande ule. Nasimama kando na kijiti changu, naeleza nionavyo. Siku ile nikazima video, nikasimama mbele ya watu, nikawasimulia mwenyewe ile miaka iliyorukwa. Waliokuwa wakidai feza wakaketi tena. Tangu hapo hawakubali sehemu ya pili bila kusikia kwanza wanachokiita Katikati, na Mama Safia anasema wengine hutoka Katikati ikiisha, hawangoji hata filme.

Tatizo ni kwamba kichwa changu kinakauka. Wewe ndiye ulikuwa ukinisumbua kila siku, akta analala wapi, anakula nini. Nitumie mawazo. Mjomba atapita huko tena na chumvi.

Ndugu yako,
Abedi


Kama
20 Machi 2001

Yaya Abedi,

Kaka, mimi mzima. Kazi ipo. Mwambie mama nakula.

Kwenye Katikati yako, yule mwalimu mzee mwenye ndevu nyeupe umtoe. Mlimani hakuna mzee. Kuna kijana tu, amemzidi akta miaka michache, na huyo ndiye mkubwa wa wote.

Siku za mwanzo hawamfundishi kupigana. Wanamvua viatu na kumpa sufuria abebe. Anabeba sufuria, anabeba maji, anabeba mizigo ya watu asiowajua. Akiuliza mazoezi yataanza lini anapigwa, wenzake wanacheka, naye anacheka pia ili wasimpige tena. Hashikani mkono na mtu, ni sheria. Wala sombe, mboga ya majani ya muhogo, haruhusiwi kula. Wanamwosha kwa maji yenye majani na kumwambia kwamba sasa hakuna kitu kitakachoingia mwilini mwake. Anaamini, kwa sababu wote waliomzunguka wanaamini na yeye ni mdogo kuliko wao. Usiku anaiota sombe ya mama yake.

Usimwambie mama kwamba mawazo haya ni yangu, atasema nimeharibika kwa filme.

Mdogo wako,
Kassim


Alunguli, Kindu
2 Mei 2001

Kassim, fundi wangu,

Kumbe tulikuwa na hazina nyumbani tukawa tunaituma kuchota maji! Nilipofika kwenye sombe, wanawake walilia hadharani. Yule Ayoubu, mwenzake mjomba wa safari za baiskeli, mtu ambaye hata kaburini hadondoshi chozi, alijifanya ameingiwa na mdudu jichoni. Nimekuongezea nyoka mmoja na maporomoko ya maji, usikasirike, ukumbi unapenda nyoka.

Ila nikuulize, mbona akta wako harushi ngumi hata moja? Watu wanavumilia sufuria kwa kuwa wanajua ngumi inakuja. Nitumie ngumi.

Barua yako nilimsomea mama. Najua ulinikataza, lakini alinikuta nayo mkononi, na wewe unamjua. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Kassim anachimba na nani?" Nikamwambia na jamaa. Akasema: "Jamaa iko na jina. Jina lake ni nani?" Nitumie jina la mtu unayekaa naye, nipate amani ndani ya nyumba hii.

Abedi


Kama
30 Juni 2001

Yaya,

Jina siwezi kuandika, hao jamaa wanahamahama.

Andika hivi. Akta sasa anajua kulala ameketi. Anajua kutembea usiku bila kuvunja kijiti. Wanamfundisha kwamba hana ndugu. Namna ya kumfundisha ni hii: mkubwa anamwita ghafla kwa jina la kwao, akiwa anakula au amesinzia. Akiitika anapigwa. Mwanzoni alikuwa anaitika kila mara, maana jina lako likiitwa mdomo unafunguka wenyewe. Siku hizi haitiki. Nadhani hata mama yake akimwita hataitika, na si kwa ubaya.

Ngumi zipo. Zipo nyingi, yaya, lakini sitaki kukuandikia ngumi.

Nina swali. Akta anaweza kurudi kwao kabla ya sehemu ya pili? Mama yake anaweza kumfungulia, hata kama huko alikokuwa amefanya mambo? Nijibu upesi, na barua umpe mjomba peke yake, asiishike mtu mwingine.

Kassim


Alunguli, Kindu
9 Agosti 2001

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena. Nimekuelewa. Nina aibu kwamba mama alikuelewa tangu ile ya sufuria, na mimi nilikuwa nakuomba ngumi.

Barua zinafunguliwa njiani, kwa hiyo nakujibu habari za filme tu.

Akta anaweza kurudi. Anaweza kurudi leo. Mama yake hatamwuliza amefanya nini, atamwuliza amekula nini. Tangu Jumapili nimebadilisha Katikati: kijana anateremka mlima kabla ya mazoezi kuisha, anagonga, mama anafungua mlango, na wote wawili wanaingia ndani. Wateja wamelalamika. "Akisharudi ku nyumba, sehemu ya pili itatoka wapi?" Nimewaambia asiyetaka akalale. Kila nikisimama mbele yao mlango utafunguliwa, nakuahidi.

Asipite barabara kubwa. Apite mashamba ya nyuma, upande huu wa mto, hakuna haja ya kuvuka. Mjomba Tambwe anaijua njia na anakuja mwenyewe pamoja na Ayoubu. Safari hii chumvi ni kisingizio tu, anakuja kumchukua mtoto wa dada yake.

Njoo, Kassim.

Abedi


Alunguli, Kindu
7 Oktoba 2001

Kassim,

Mjomba Tambwe na Ayoubu walipaswa kuwa wamefika zamani. Hawajafika. Hakuna baiskeli inayopita kutoka Kama, kwa hiyo barua hii sina hata wa kumpa, naandika kwa sababu kunyamaza kunanishinda.

Askari wa mji wameanza kuvuka mto kuja kwenye video ya Mama Safia. Wanakaa na kutusikiliza. Mama amehamisha mkeka wake, analala karibu na mlango, na ukimwuliza anasema ni kwa sababu ya joto.

Kama uko na mjomba, mwambie dada yake anamsubiri.

Abedi


Kama
3 Juni 2024

Yaya Abedi,

Mimi ni Kassim. Sijui niamkieje baada ya miaka yote hii, basi naanza hivyo.

Hapa hawanijui kwa jina hilo, wananiita Papa Exaucé. Vita ilipoisha niliweka silaha chini pamoja na wenzangu wa porini, nikabaki hapa nikachimba dhahabu kweli, ile kazi niliyokuwa nikiwadanganyia. Nimeoa, mke wangu ni Françoise, tuna watoto watatu. Exaucé ndiye mkubwa, ana miaka kumi na minne.

Wiki iliyopita aliniita akiwa na simu mkononi. "Papa, kuja uone filme moya ya zamani." Ilikuwa ni yetu. Sehemu zote mbili ziko ndani ya simu, moja nyuma ya nyingine, na maandishi ya chini yanaonekana yote. Tukaangalia. Ya kwanza ilipoisha na ya pili kuanza, akasimamisha, akaniuliza: "Huyu mutoto alijifunzia wapi? Mbona wameruka?" Nikainuka nikaenda kukaa mtoni. Françoise akanifuata. Anajua machache tu, sijapata kumweleza yote. Akasema: "Kama uko na kwenu, uandike. Hawa watoto watapenda kujua wametoka ku nani."

Kwa hiyo nimeandika. Kijana wa pikipiki aitwaye Franck ndiye anayekuletea, ameambiwa aulize nyumba ya mueleza filme wa zamani wa Alunguli. Simu sitaki. Nikisikia sauti yako nitakata.

Yaya, ile barua yako ya mwezi wa nane, ya mlango, niliipata. Usiniulize niliipataje. Niliisoma, na mwezi wa kumi nikatoroka nikaja. Ndiyo, nilikuja. Nilipita mashamba ya nyuma kama ulivyoandika. Nilipofika Alunguli jua lilikuwa bado juu, na miguu ikakataa kwenda nyumbani. Nikajibanza kwenye mahindi nyuma ya ukumbi wa Mama Safia, sikio langu kwenye ukuta wa matete. Nilitaka nisikie kwanza sauti yako.

Ulikuwa kwenye Katikati. Kijana ameshateremka mlima, amegonga. Mimi huku nje nimeshika matete kwa mikono yote miwili. Ukasema mama alichungulia, akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akasema: "Miye sina mutoto kwa wale wa pori." Akafunga mlango, akaweka na komeo. Watu wakapiga makofi.

Nikajua habari imewafikia. Mama amejua, na wewe umeamua kuniambia kwa njia yetu ili nisifike nikaaibika mlangoni. Nikageuka. Hata wale niliowatoroka walinipokea, walinipiga tu.

Sikulaumu, na mama sijamlaumu hata siku moja. Alikuwa na haki. Nimekuandikia ili niulize jambo moja. Kila nikimaliza kuswali nataka kumwombea mama, na sijui nimwombee dua ya mtu aliye hai au ya marehemu. Niambie hilo tu, sitawasumbua tena.

Kassim


Kindu
19 Juni 2024

Kassim, mpumbavu wewe, kipenzi changu,

Mama yu hai. Naanza na hilo ili usisome mengine ukiwa umeshika roho mkononi. Yu hai, anaona kwa jicho moja, anatembea na fimbo, na leo asubuhi amemfukuza mwuza samaki kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Sasa nisikilize vizuri. Siku ile benchi la mbele lilikuwa na askari. Walivaa kiraia, lakini kila mtu aliziona buti. Wewe ulikuwa nyuma ya matete, buti huzioni. Wiki ile walikuwa wanatafuta nyumba zinazoficha vijana wa porini, na moja walikuwa wameshaichoma. Nilipofika pale kijana anapogonga, Mama Safia alipita nyuma yangu akanifinya mgongoni mpaka nikasahau neno. Ningesema nini mbele yao? Kwamba mtoto ametoka porini na mama amempokea? Wangeniuliza huyo mama anakaa avenue gani. Ndipo nikaufunga mlango. Niliufunga mimi, na komeo niliweka mimi, na waliopiga makofi ni wao. Mama hakuwa hapo kabisa, alikuwa nyumbani anatwanga mpunga, mlango wake uko wazi.

Kesho yake hawakuja, nikaufungua tena. Ungekuja kesho yake, Kassim! Nimeandika hivyo na nimelia, mimi mwenye mvi na wajukuu.

Na habari ile haikuwa imemfikia. Ilimfikia mwezi wa kumi na mbili, Ayoubu alipotokea amebaki mifupa. Alikuwa amejificha kwenye majani karibu na daraja mlipowasimamisha. Alitueleza jinsi mjomba Tambwe alivyokuona katikati ya wale vijana, akafurahi, akaiacha baiskeli ianguke, akakuita kwa jina lako mbele yao wote. Hukuitika. Mkubwa wako akakuuliza kama unamjua mtu huyu, ukasema humjui. Wakamwua wakisema ni mpelelezi wa mji. Ayoubu alikuona pia baadaye, ukiingiza mkono kwenye mfuko wa shati la mjomba. Kwa hiyo sikuulizi barua uliipataje.

Mama aliyasikia yote hayo ameketi. Alimpa Ayoubu chakula, akangoja amalize, akaingia chumbani. Tangu siku ile hapendi tulitaje jina lako na la mjomba kwa pamoja. Nimejenga ng'ambo, Mikelenge, nyumba nzuri ya bati, nimemwandalia chumba. Amekataa kuhama. Anasema Kassim anaijua nyumba ya Alunguli tu. Lakini nikimwuliza kama amekusamehe, ananifukuza kama yule mwuza samaki. Sitakudanganya kwa hilo, nimeshadanganya watu vya kutosha kwa kazi.

Barua yako nimemsomea neno kwa neno. Nilipofika kwenye mlango alinisimamisha, akanitukana mimi. Matusi mengine sikujua kama anayajua. Kisha akamwita binti yangu Rehema alete karatasi, nami nikatolewa nje. Barua yake nimeifungia humu humu. Imebandikwa, sijui amesema nini, na naogopa kuliko wewe.

Ndugu yako,
Abedi


Alunguli
19 Juni 2024

Kassim,

Njo miye Hadidja, mama yako. Rehema anaandika vile ninasema. Baba yake nimemukataza kushika kalamu, yeye anaongezaka maneno.

Nimesikia barua yako. Ulitoka mbali, ukafika nyuma ya video, ukasikia muntu wa filme anasema mama amekataa, ukarudi. Nyumba ilikuwa pale karibu. Ungekuja kuniuliza miye. Katika ile mambo yote uliyofanya, hii njo yenye imeniumiza tangu asubuhi, juu ya vile ni mupya. Ingine nimeizoea.

Usizani nimesahau. Tambwe alikuwa ndugu yangu, miye njo nilimubeba mugongoni wakati mama yetu alikuwa anaenda shamba. Alikuita, ukanyamaza. Ile neno iko ndani ya roho yangu, haijatoka hata kidogo. Watu wananiambia: mama, umusamehe, alikuwa mutoto, ilikuwa vita. Walisema vile ku kilio, wanasema vile mupaka leo. Miye ninawajibu: nitasamehe namna gani muntu mwenye sioni? Nitasamehe hewa?

Sijakusamehe. Sitakusamehe kwa barua, na usitume muntu kukuombea. Utakuja weye mwenyewe, na ule bibi yako Françoise, na watoto, niwaone. Utakaa chini mbele yangu, nitakuita kwa jina lako, na utaitika. Halafu nitasema yote yenye nimeweka, moja moja, na weye utasikia mupaka mwisho bila kuinuka.

Kuja upesi, wakati ningali na nguvu ya kukugombeza.

Mama yako,
Hadidja